Jua la Saa Nne kwa Mtoto wa Timau

Leo tuzungumze juu ya baridi yetu, na juu ya mahali mtoto anaposhinda mchana kutwa.

Sisi wa Timau tunaishi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mlima ukiwa mgongoni mwetu. Kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Ndiyo sababu mtoto wa Mombasa analala kifua wazi na wako anahitaji blanketi mbili. Tena usiku usio na mawingu, joto lote ambalo ardhi ililipata mchana hupotelea angani, na asubuhi unakuta umande kama barafu kwenye majani ya viazi. Mwezi wa saba na wa nane wenyewe mnaujua.

Kwa hivyo mama anamfungia mtoto ndani. Kliniki tunawaona watoto waliovikwa sweta tatu, kofia mbili na blanketi juu, jasho likiwatiririka shingoni, na mama anasema anamkinga na nimonia. Nia ni njema. Lakini nimonia huletwa na viini, na viini hupenda chumba kilichofungwa, watu wengi wanaokohoa na moshi wa jiko. Mtoto anayeshinda kwenye chumba kimoja cha ploti, dirisha limezibwa kwa gunia na sufuria ya githeri ikichemka kwenye makaa, yuko hatarini kuliko yule anayecheza nje akiwa amevaa vizuri. Mtoto mchanga ni tofauti kidogo: huyo hupoteza joto upesi, kwa hivyo mweke kifuani mwako, ngozi kwa ngozi, na umfunike kichwa.

Jambo la pili ambalo kufungiwa ndani huleta ni matege. Mifupa ya mtoto haiwezi kuwa migumu bila vitamini D, na vitamini hiyo mwili huitengeneza wenyewe jua likigusa ngozi. Maziwa ya mama ni chakula bora, na mpe hayo peke yake kwa miezi 6, lakini yana vitamini D kidogo sana. Basi fikiria mtoto wa mama anayefanya kazi kwenye shamba la maua. Mama anatoka alfajiri, mtoto anaachwa na mlezi pamoja na watoto wengine, mlango umefungwa wasitoke barabarani, na mama anarudi jua likizama. Mtoto huyo anaishi karibu kabisa na mstari wa Ikweta, penye jua kali kuliko sehemu nyingi za dunia, na halimgusi wiki nzima.

Dalili ziangalie mapema. Mtoto anachelewa kukaa au kutembea. Utosi haufungi kwa wakati. Vifundo vya mikono vinapanuka kana kwamba amevaa bangili chini ya ngozi. Akianza kusimama, miguu inapinda. Na mbavu zikiwa laini, kifua hakina nguvu ya kuvuta hewa, ndiyo maana mtoto mwenye matege akipata nimonia huumia zaidi. Kumfunga miguu kwa leso hakunyooshi mfupa. Mlete kliniki, kuna dawa, na akianza mapema mifupa mingi hujinyoosha yenyewe anavyokua.

Mtoe nje lini? Wengi humtoa saa moja asubuhi. Jua la wakati huo ni la chini na halitengenezi vitamini yoyote ya maana, na baridi bado ni kali. Tazama kivuli chako. Kikiwa kirefu kukuliko, bado. Kuanzia saa tatu unusu au saa nne kivuli hufupika, na hapo jua linafanya kazi. Mfunue mikono na miguu, umkinge macho, na umwache nusu saa hivi kila siku. Jua la kupitia kioo cha dirisha halisaidii. Mtoto mwenye ualbino usimwanike. Mvishe kofia na mikono mirefu, na kliniki itakuambia njia nyingine ya kumpa vitamini.

Anayetembea mwache akimbie. Nguo tatu nyepesi ni bora kuliko jaketi moja zito, maana akipata joto unamvua moja. Mguse nyuma ya shingo: kukiwa na jasho, punguza. Upepo wa alasiri ukianza, mrudishe. Uwanja wa shule siku ya Jumamosi au wa kanisa ni mahali pazuri. Kando ya barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru si mahali pa mpira, wala karibu na bwawa la kunyunyizia shamba maji, wala kwenye viazi vilivyopigwa dawa jana.

Chakula nacho kina sehemu yake. Viazi vilivyopondwa na chai ya rangi havijengi mfupa. Ongeza maziwa, omena iliyosagwa kwenye uji, na yai ukilipata.

Usiku, jiko la makaa lisilale ndani. Hewa yake ya sumu haina harufu, na imeua watu wakiwa usingizini. Na chanjo ya nimonia, ambayo Kenya imekuwa ikitoa tangu 2011, hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Tazama kijitabu cha mtoto.

Mtoto akikohoa, mhesabie pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Aliye chini ya miezi 2 akifika 60, wa miezi 2 hadi mwaka mmoja akifika 50, na wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, au akikataa kunyonya, usingoje kupambazuke. Mbebe kifuani ndani ya shuka, na njiani uendelee kumnyonyesha kama anaweza.