Mji wa kufikia ndio uamuzi wa kwanza katika safari ya pikipiki za theluji

KILA msimu wa baridi, maelfu ya watu husafiri hadi maeneo ya kaskazini mwa Marekani na Kanada kuendesha pikipiki za theluji. Wengi huanza maandalizi kwa kutafuta hoteli nzuri ya bei nafuu, na baadaye ndipo huuliza njia ziko wapi.

Utaratibu huo ni wa kinyumenyume. Hoteli yaweza kubadilishwa kwa usiku mmoja, lakini mji wa kufikia ukichaguliwa vibaya safari nzima huharibika. Msafiri hupoteza muda akipakia na kupakua mtambo wake kwenye trela, huishiwa na petroli msituni au hutozwa faini kwa kuingia mahali pasipo na ruhusa. Baya zaidi, anaweza kupatwa na ajali mahali ambapo hakuna wa kumwokoa.

Suala hili si geni kwa wasomaji wa Kiswahili walio ughaibuni. Jimbo la Minnesota, ambalo lina jamii kubwa ya Wakenya, ndiko uliko mji wa Roseau ambapo kampuni ya Polaris ilianzishwa mwaka wa 1954. Nao mkoa wa Quebec nchini Kanada, ambao umepokea wahamiaji wengi kutoka Burundi, Rwanda na Kongo, ndio alikozaliwa mwasisi wa kampuni ya Bombardier. Anayealikwa na wafanyakazi wenzake kwa matembezi kama hayo hana budi kujua anakoelekea.

Mtambo uliotokana na dhiki

Pikipiki ya theluji haina magurudumu. Mbele ina miguu miwili bapa ya kutelezea ambayo huelekezwa kwa usukani, na nyuma ina mkanda mpana wa mpira unaozungushwa na injini. Mkanda huo husambaza uzito wa mtambo ili usizame kwenye theluji.

Miongoni mwa walioitengeneza mwanzo ni Carl Eliason wa kijiji cha Sayner, jimbo la Wisconsin, aliyeunda mtambo wake wa kwanza mwaka wa 1924. Kule Quebec, fundi Joseph-Armand Bombardier wa mji wa Valcourt alifiwa na mwanawe wa miaka miwili mwaka wa 1934, kwa sababu barabara zilizibwa na theluji na mtoto hangeweza kufikishwa hospitalini. Fundi huyo aliendelea kubuni magari ya kupita kwenye theluji, na mwaka wa 1959 akaleta sokoni pikipiki ya Ski-Doo.

Tangu hapo mtambo huo umekuwa chombo cha starehe kuliko cha dharura. Hata hivyo, tatizo lililomsukuma Bombardier lingalipo: theluji huwatenga watu na msaada. Anayechagua mji wa kufikia anachagua pia umbali utakaokuwa kati yake na msaada huo.

Theluji kwanza

Swali la kwanza la kujiuliza ni kama mji unaokusudiwa una sababu ya kudumu ya kupata theluji. Sababu hizo kwa kawaida ni mbili: maziwa makubwa na milima mirefu.

Rasi ya Keweenaw, iliyo kaskazini mwa jimbo la Michigan, ni mfano wa sababu ya kwanza. Upepo mkavu na baridi kutoka Kanada hupita juu ya Ziwa Superior kabla maji hayajaganda, ukabeba unyevu na kisha kuumwaga kama theluji mara unapogota nchi kavu. Katika msimu wa 1978-79, theluji iliyoanguka katika wilaya ya Keweenaw ilipimwa kuwa inchi 390.4, yaani karibu mita 10. Miji ya Houghton, Calumet na Copper Harbor hutegemea hali hiyo kuwavuta wageni.

Mfano wa sababu ya pili ni West Yellowstone katika jimbo la Montana. Mji huo mdogo uko takriban mita 2,030 juu ya usawa wa bahari, mwinuko unaokaribia ule wa Eldoret. Lakini kwa kuwa uko mbali sana kaskazini mwa ikweta, baridi yake huhifadhi theluji kwa miezi kadhaa.

Maeneo yasiyo na kinga ya aina hiyo hutegemea bahati. Msimu wa baridi wa 2023-24 ulikuwa wenye joto zaidi katika kumbukumbu za majimbo 48 yanayopakana ya Marekani, na njia nyingi katika Wisconsin na Minnesota hazikufunguliwa kabisa au zilifunguliwa kwa siku chache tu. Waliokuwa wamelipia vyumba bila kusoma masharti ya kurejeshewa pesa walijikuta pabaya.

Aidha, kuwepo kwa theluji hakumaanishi kwamba njia zimefunguliwa. Ni lazima zisawazishwe na kushindiliwa kwa mitambo maalum, na wahusika watangaze kwamba ziko tayari. Katika Michigan msimu rasmi huanza Desemba 1 na kumalizika Machi 31. Katika Wisconsin kila wilaya hufungua na kufunga njia zake kulingana na hali. Ni busara kusoma tangazo la wilaya husika siku moja kabla ya kuondoka.

Njia ifike mlangoni

Mji bora ni ule ambao msafiri anaweza kuwasha mtambo mlangoni pa chumba chake na kuingia njiani bila kuhitaji gari. West Yellowstone imepata sifa kwa sababu hiyo, kwani pikipiki za theluji huruhusiwa kupita katika mitaa yake kuelekea msituni. Mji wa Eagle River katika Wisconsin, ambao umekuwa ukiandaa mashindano maarufu ya mitambo hiyo tangu 1964, nao umezungukwa na njia pande zote.

Idadi ya kilomita inayotajwa katika matangazo ya hoteli yaweza kupotosha. Lililo muhimu zaidi ni jinsi njia hizo zinavyoungana. Mji wenye njia moja ndefu humlazimu mgeni kurudi alikopitia kila siku. Mji ulio kwenye makutano ya njia kadhaa humwezesha kuzunguka upande mmoja leo na mwingine kesho, na kila jioni akarejea kitandani pake.

Suala la petroli huenda sambamba na hilo. Kwa kawaida tangi lililojaa hutosha kilomita 150 hadi 200 kwenye njia iliyosawazishwa, lakini theluji laini na nzito hupunguza umbali huo. Kwa hivyo mzunguko wa kilomita 160 usio na kituo cha mafuta katikati ni wa kuepukwa. Ramani nzuri huonyesha vituo vya petroli, mikahawa na vibanda vya kuotea moto, na anayepanga safari hana budi kuvihesabu kabla ya kulipia chumba.

Ruhusa na mipaka

Wapo wanaodhani kwamba kulala langoni pa mbuga ni sawa na kuwa na ruhusa ya kuingia. West Yellowstone inaonyesha jinsi dhana hiyo inavyoweza kumponza mtu.

Upande mmoja wa mji ni misitu ya serikali ambayo mwenye kibali cha njia anaweza kuizuru bila kiongozi. Upande wa mashariki ni Mbuga ya Taifa ya Yellowstone, iliyoanzishwa mwaka wa 1872, ambayo ina kanuni kali. Wakati wa baridi barabara zake nyingi hufungiwa magari ya kawaida, na msimu wa pikipiki za theluji huwa takriban kati ya Desemba na Machi katikati.

Anayetaka kwenda kuona chemchemi ya Old Faithful, iliyo karibu kilomita 48 kutoka mjini, ni lazima afuatane na kiongozi aliyeidhinishwa au awe amepata kibali kwa njia ya bahati nasibu. Mitambo yenyewe hutakiwa kutimiza viwango vya mbuga kuhusu kelele na moshi. Mgeni anayefika bila kujua haya hubaki langoni akiwatazama wenzake wakiingia.

Hali kadhalika, majimbo mengi yana vibali vyake, na kuvuka mpaka wa jimbo kwaweza kuhitaji kibali cha pili. Ada hizo ndizo husaidia kugharimia kazi ya kusawazisha njia.

Mashariki na katikati mwa nchi kuna jambo jingine lisilojulikana na wageni wengi. Katika majimbo kama Wisconsin na Maine, sehemu kubwa ya njia hupita katika mashamba na misitu ya watu binafsi. Wenye ardhi hutoa ruhusa kwa hiari, nazo klabu za wenyeji hujitolea kuweka alama, kujenga madaraja na kufyeka vichaka.

Ruhusa hiyo yaweza kuondolewa wakati wowote. Mtu mmoja akiacha njia na kuharibu shamba, mwenyewe anaweza kuifunga, na kukatika kwa kipande kifupi kukatenganisha mji mzima na mtandao uliokuwa ukiuletea riziki. Mji wenye klabu imara na uhusiano mwema na wakulima ni chaguo la kuaminika zaidi.

Mlima au tambarare

Anayeanza kujifunza anafaa kutafuta mji wa tambarare wenye njia pana zilizosawazishwa. Milima ya magharibi hupendeza, lakini theluji yake ina hatari ya kuporomoka, hasa kwenye miteremko ya kati ya digrii 30 na 45. Uzito wa mtambo mmoja waweza kutosha kuianzisha.

Mnamo Machi 2010, karibu na mji wa Revelstoke katika mkoa wa British Columbia, Kanada, poromoko liliwakumba watu waliokuwa wamekusanyika mlimani kutazama waendeshaji. Wawili waliaga dunia na wengine wengi wakajeruhiwa.

Anayefukiwa na theluji huwa na dakika chache tu. Uwezekano wa kumtoa akiwa hai hupungua kwa kasi baada ya dakika 10 hadi 15, na mara nyingi waokoaji kutoka mjini hawawezi kufika katika muda huo. Ndiyo maana kila mmoja katika kundi hutakiwa kubeba kifaa cha redio cha kumtambulisha alipo, ufito mrefu wa kupekulia na koleo, tena awe amefunzwa kuvitumia. Mji wa milimani unaofaa ni ule wenye mafunzo hayo na taarifa ya kila siku kuhusu hali ya theluji.

Hata mitambo hutofautiana. Ya milimani huwa na mkanda mrefu zaidi kuliko ile ya njia za kawaida ili isizame. Anayekodisha ahakikishe kwamba anachopewa kinalingana na eneo analokwenda, na asome bima inamtaka alipe nini mtambo ukiharibika.

Katika nchi ya maziwa, hatari hugeuka kuwa ya barafu. Idara ya maliasili ya Minnesota hushauri kwamba barafu mpya iliyo ngavu iwe na unene wa inchi 5 hadi 7, yaani sentimita 13 hadi 18, kabla ya pikipiki ya theluji kupita juu yake. Barafu nyeupe huwa dhaifu zaidi na hutakiwa unene wa mara mbili. Kwa sababu hiyo, mji ambao mgeni anaweza kuufikia na kuuondoka kwa nchi kavu ni salama kuliko ule unaomlazimu avuke ziwa kila asubuhi.

Baridi na msaada

Mwendo wa mtambo huongeza makali ya baridi. Kipimajoto kikionyesha nyuzi 18 chini ya sifuri, upepo wa kilomita 48 kwa saa hufanya mwili uhisi kana kwamba ni nyuzi 32 chini ya sifuri. Vidole na masikio yaliyo wazi huanza kuganda. Kwa hiyo, chumba cha joto cha kukaushia viatu na glavu ni jambo la maana kuliko kidimbwi cha kuogelea.

Isitoshe, mawasiliano ya simu hukatika katika misitu mingi. Kabla ya kulipa, msafiri aulize hospitali iliyo karibu iko umbali gani, nani hutafuta waliopotea, na kama kuna fundi wa kuvuta mtambo ulioharibika. Kila asubuhi amwachie mwenyeji wake maelezo ya njia atakayofuata na saa atakayorejea. Mwenye nyumba anayeshtuka mgeni asipoonekana magharibi ni kinga ambayo haiandikwi katika orodha ya bei.

Baada ya theluji, njia, petroli, vibali na msaada kuhakikishwa, ndipo hoteli zilinganishwe kwa bei na starehe. Wahenga walisema kuwa mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa mwendesha pikipiki ya theluji, ngama ni ule mji ambao jua likishatua ni sharti aweze kuufikia tena.