Bwana Msa Akihamia Nyanda za Juu Kusini

Kumfufua mpelelezi wa hadithi za zamani, yaani kumchukua mhusika aliyekwisha kuzoeleka na kumweka katika zama nyingine mbele ya wasomaji wasiomjua, ni kazi iliyofanywa mara nyingi kwa Sherlock Holmes, ambaye Arthur Conan Doyle alimtoa kwa mara ya kwanza mwaka 1887, na ambaye televisheni ya BBC ilimhamishia katika London ya simu za mkononi mwaka 2010. Fasihi ya Kiswahili nayo ina wake anayestahili kujaribiwa hivyo, Bwana Msa, mvuta kiko wa Unguja aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla (1918–1991), mwandishi wa habari ambaye riwaya yake ya *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda mashindano ya uandishi ya miaka ya 1957 na 1958 kabla ya kuchapishwa mwaka 1960.

Kiko hicho, pamoja na rafiki asiyebanduka aitwaye Najum, vinaonyesha wazi kwamba Abdulla alimsoma Holmes; lakini atakayemleta Bwana Msa kwa wasomaji wa Mbeya au Iringa akidhani kwamba kiko ndicho kitu cha kuhifadhiwa atakuwa ameshika ganda na kuacha kiini. Katika riwaya hiyo ya kwanza maiti inaonekana penye mzimu, mahali pa matambiko ambapo watu wako tayari kuamini kwamba wafu wameua, na mpelelezi, bila kubishana na imani ya mtu, anafuata ushahidi mpaka unamfikisha kwa binadamu aliye hai. Mkoa wa Mbeya, ambao mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulitikiswa na mauaji ya uchunaji ngozi, ambapo watu waliuawa ili ngozi zao ziuzwe kwa imani za kishirikina, hauna haja ya kuelezwa kwa nini mpelelezi wa namna hiyo bado ana kazi.

Vitendea kazi vyake ndivyo vitakavyobadilika. Katika Mwanjelwa ya leo, jijini Mbeya, muuaji anaweza kujificha ndani ya ukungu wa asubuhi, lakini si rahisi ajifiche kwenye simu, kwa kuwa ujumbe wa muamala huonyesha saa na dakika pesa ilipotumwa pamoja na jina la aliyepokea, na huenda wakala naye ana daftari lenye saini ya mteja, ambayo huenda isifanane na saini nyingine ya mtu huyohuyo. Kutoka hapo mpelelezi angeshuka kijiwe cha bodaboda, ambako anayeuliza kwa upole huambiwa mengi kuliko askari mwenye sare.

Lugha ndiyo ngumu zaidi. Abdulla aliandika Kiunguja kilichosheheni methali na mafumbo ya mjini, na msomaji aliyekulia katika Kinyakyusa, Kisafwa au Kihehe anaweza kuufuata mkasa wote huku utani ukimpita pembeni. Kumwandika upya kwa Kiswahili cha bara kungempa msomaji huyo nafuu, ila kungempokonya Bwana Msa nusu ya haiba yake, hasara ambayo huenda ni kubwa kuliko faida.

Bara, kwa hakika, ilikwisha kumbadilisha mpelelezi kwa njia yake: Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika *Kufa na Kupona* (1974), jasusi mwenye bastola anayepambana na maadui wa ukombozi wa Afrika, na Ben Mtobwa akafuata na Joram Kiango. Hao wanakimbia sana. Bwana Msa huketi na kufikiri.

Kuna pia suala la hakimiliki, yaani haki ya mtunzi na warithi wake juu ya kazi yake. Holmes amekuwa huru kabisa nchini Marekani tangu mwaka 2023, lakini sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 huilinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, na kwa Abdulla muda huo unafika mwaka 2041. Mwandishi wa Mbeya anayemtaka Bwana Msa mwenyewe hana budi kupata ridhaa ya wenye haki. Asipoipata, imebaki njia ya Musiba na Mtobwa, ya kuunda mpelelezi wake mwenye jina lake, na akipenda, asiyevuta chochote.