Katuni za Japani (4): Mazimwi Yaliyozaliwa Sebuleni

Sehemu ya kwanza ya filamu tatu za Demon Slayer: Infinity Castle ilianza kuonyeshwa Japani tarehe 18 Julai 2025, na kabla mwaka haujakwisha ilikuwa imeshaipita Spirited Away kwa mapato na kushika nafasi ya pili katika historia ya sinema za nchi ile. Nafasi ya kwanza inashikiliwa na ndugu yake, Mugen Train ya mwaka 2020. Tangu hapo wazazi na walimu wananiuliza swali lile lile: vijana wetu wanapata nini katika mazimwi, damu na panga, mpaka wajifungie chumbani wamalize sizoni nzima usiku mmoja?

Waliofuatana nami tangu makala ya kwanza wanajua manga, yaani hadithi za michoro za Kijapani, ni nini, na wanajua jinsi mchoraji Tezuka alivyoiingiza katuni kwenye runinga mwaka 1963. Sitarudia. Leo nataka kueleza jambo ninaloliamini kwa miaka mingi: giza hili halikuanzia studio. Lilianzia nyumbani, usiku, watu wamekaa pamoja, na ndiyo maana hata leo linanoga nyumbani kuliko ukumbini.

Mwaka 1666 Asai Ryoi, mtawa wa Kibuddha aliyekuwa pia mwandishi hodari, alitoa Otogiboko, mkusanyo wa hadithi za ajabu, nyingi zikiwa na asili ya China lakini zikavishwa mavazi ya Kijapani. Mwishoni mwa kitabu aliweka kanuni za mchezo wa hadithi mia. Uchezwe usiku wa kiza, mwezi usipoonekana. Taa ya mafuta izungushiwe karatasi ya buluu na kutiwa tambi mia. Kila anayemaliza hadithi yake ya kutisha azime utambi mmoja. Chumba kinafifia kidogo kidogo, nyuso za wenzako zinageuka vivuli, na utambi wa mwisho ukizimwa, ndipo kitu chenyewe kinapokuja.

Kuna namna nyingine ya kuucheza mchezo huu ambayo naipenda zaidi. Wasimuliaji wanakaa chumba kimoja gizani, taa iko chumba cha mbali, na kando yake kuna kioo juu ya meza ndogo. Ukimaliza kusimulia unanyanyuka, unapapasa ukuta mpaka kule, unazima utambi wako, unajitazama usoni kwenye kioo, kisha unarudi kuketi. Inasemekana ulianza kama kipimo cha ujasiri miongoni mwa samurai, lakini ulipofika karne ya 18 ulikuwa umeshaingia katika nyumba za wafanyabiashara na mafundi. Wengi walikomea hadithi ya tisini na tisa, wakasubiri kuche.

Mchoraji Toriyama Sekien, aliyeanza kutoa vitabu vyake vya picha za viumbe wa ajabu mwaka 1776, alimchora hata huyo anayetokea utambi wa mwisho ukizimika: mwanamke mwenye nywele ndefu nyeusi na pembe, amesimama kando ya taa. Sekien alikuwa mwalimu wa Utamaro, yule bingwa wa picha za wanawake warembo. Mwalimu wa uzuri alikuwa pia mwalimu wa vitisho, na wala Wajapani wa wakati ule hawakuona ajabu. Hokusai naye, tunayemjua kwa wimbi lake kubwa, alichora mfululizo wa hadithi mia mwanzoni mwa miaka ya 1830. Picha zinazojulikana ni tano tu. Mojawapo ni ya Okiku, mtumishi aliyeuawa kwa sababu ya sahani moja iliyopotea, anayetoka kisimani usiku akihesabu sahani, na kila akifika tisa analia. Nyingine ni ya Oiwa, aliyepewa sumu akiwa ndani ya nyumba ya mumewe. Hawa si majini ya porini yaliyokuja kuwadhuru watu wema. Ni watu waliodhulumiwa. Msomaji alishike hilo, maana bila hilo hataelewa hata sizoni moja ya siku hizi.

Siwezi kumwacha Koizumi Setsu, ambaye maisha yake yameipa shirika la utangazaji la NHK tamthilia yake ya asubuhi, Bakebake, iliyoanza mwishoni mwa Septemba 2025. Mama huyu alizaliwa Matsue mwaka 1868 katika ukoo wa samurai uliofilisika, akaolewa na mwandishi mgeni Lafcadio Hearn aliyefika Japani mwaka 1890. Kijapani cha mume kilikuwa cha kubabaisha. Basi usiku Setsu alipunguza utambi wa taa akamsimulia hadithi za mizimu. Hearn hakumruhusu ashike kitabu na kumsomea. Alitaka azitoe kichwani, kwa maneno yake na mawazo yake mwenyewe. Mahali pa kutisha alisimamishwa na kuombwa arudie: huyo mtu alisemaje hasa, kwa sauti gani, na nje ya nyumba kulikuwaje? Mwaka 1904 kikatoka kitabu Kwaidan, dunia ikamsifu Hearn. Mimi nampa Setsu sifa zake, kwa sababu msimulizi wa nyumbani mara nyingi husahauliwa, na jamii inayomsahau hujikuta watoto wake wamelelewa na wasimulizi wa mbali.

Sauti hiyo ya nyumbani ilihamia ukumbini mwaka 1903, Denkikan, jumba la kwanza la kudumu la sinema Japani, lilipofunguliwa mtaa wa Asakusa mjini Tokyo. Filamu zilikuwa bubu, na kando ya kitambaa alisimama benshi, akisema maneno ya wahusika wote, akieleza, akilia, akicheka. Watu walimfuata benshi kuliko walivyomfuata mwigizaji. Anayemkumbuka marehemu Lufufu na kanda zake za filamu alizozisimulia kwa Kiswahili Dar es Salaam, au anayemsikiliza DJ Afro wa Kenya akiipa muvi ya Kichina uhai mpya kwa Kiswahili, hahitaji maelezo zaidi. Filamu zenye sauti ziliwaua mabenshi kikazi, na wengine kweli: Heigo, kaka yake mwongozaji Kurosawa Akira, alikuwa benshi, akajiua mwaka 1933. Wengine waliingia mitaani na baiskeli na visanduku vya picha za karatasi, wakiwauzia watoto pipi na kuwasimulia hadithi. Kitaro, mtoto wa makaburini ambaye Mizuki Shigeru alimfanya maarufu kwenye manga na runinga, alianzia katika visanduku hivyo.

Runinga ililazimika kulilainisha giza. Katuni ziligharimiwa na watengenezaji wa pipi na midoli, na hakuna muuza pipi anayetaka jina lake lionekane karibu na kichwa kilichokatwa. Mlango ulifunguliwa na deki. Desemba 1983 ilitoka Dallos, iliyoongozwa na Oshii Mamoru, katuni ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kanda za video moja kwa moja, bila kupitia runinga wala sinema. Hapo mtazamaji alilipa mwenyewe, na mfadhili hakuwa tena na la kusema. Miaka miwili baadaye ikaja Vampire Hunter D, kutoka riwaya ya Kikuchi Hideyuki, na watu wazima wakapata katuni ya usiku ya kuangalia majumbani mwao. Hata baada ya kanda kupitwa na wakati, tabia ilibaki. Demon Slayer yenyewe ilipoanza Aprili 2019 mjini Tokyo ilirushwa saa tano na nusu usiku. Kilichoifanya ienee ni watu kuifuata mtandaoni kwa wakati wao, na mwaka 2020 corona ilipowafungia watu ndani, familia nzima zikakaa kuitazama.

Nyumbani pia unaweza kusimamisha picha, na kwa kazi hii ni faida kubwa. Studio ya Ufotable ilipochora mbinu ya maji ya upanga wa Tanjiro, shujaa wa Demon Slayer, iliyachora maji hayo kwa mistari mizito na mapovu meupe kama ya picha za zamani zilizochapwa kwa mbao. Ukumbini yanapita kama umeme. Sebuleni unabonyeza kitufe, na mkono wa akina Hokusai unauona waziwazi.

Sasa nije kwenye tukio moja, lililo mwanzoni kabisa mwa Demon Slayer, hadithi ya Gotouge Koyoharu. Tanjiro ni kijana muuza mkaa, familia yake imeuawa na zimwi, na dada yake aliyebaki amegeuka kuwa zimwi. Anajifunza kuua mazimwi, na katika mtihani wake mlimani anakutana na zimwi kubwa lililojizungushia mikono mwili mzima ili kuilinda shingo. Limekula makumi ya watu, na miongoni mwao wanafunzi wa mwalimu wake mwenyewe. Tanjiro analikata kichwa. Mwili unaanza kuwa majivu, na zimwi linamsubiri amtazame kwa chuki kama walivyofanya wote. Lakini Tanjiro ana pua kali kuliko watu wengine, na anasikia harufu ya huzuni. Mkono mmoja wa zimwi umebaki umenyooshwa. Anaushika kwa mikono yake miwili, akiomba mtu huyu akizaliwa tena asiwe zimwi. Hapo tunaona kilichokuwa kikitafutwa na mikono ile yote: mtoto mdogo gizani, akimwomba kaka yake amshike mkono.

Tanjiro hakumwachia. Amekata shingo, na angeikata tena. Huruma yake haikufuta haki ya waliokufa, na haki haikumfanya awe katili. Ni Okiku na kisima chake, miaka mia mbili baadaye. Kijana anayelitazama tukio hili na kunyamaza kimya hajapotoka. Amefundishwa jambo ambalo sisi wakubwa tunalihubiri bila kulitenda, kwamba mtu anayekutisha anaweza kuwa na historia, na kwamba kuijua historia hiyo hakukulazimishi umwache aendelee kula watu.

Ninachokilaumu ni upweke wa kuangalia. Mchezo wa tambi mia ulihitaji watu, na hofu iligawanywa chumba kizima. Leo mtoto anaingiziwa sizoni kwenye flashi, au anapata bando, anajifunika shuka na simu, na likimfika la kutisha hana pa kugeukia. Mzazi yuko chumba cha pili akiangalia yake. Halafu huyo huyo mzazi anakuja kulalamika kwamba katuni zinaharibu watoto. Kaa naye. Muulize lile zimwi lilikuwa nani kabla.

Kuhusu umri, Japani iliiwekea Infinity Castle alama ya PG12, yaani walio chini ya miaka 12 waongozwe na mzazi, wakati Marekani iliipa R, ambapo aliye chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima. Pande zote mbili zinamtaja mtu mzima aliye karibu, nami nakubaliana nazo. Kwa nyumba zenye mtoto wa miaka 12 au 13, sizoni ya kwanza ya Demon Slayer, yenye vipindi 26, inafaa kuangaliwa pamoja, na kipindi cha tano, penye tukio la mikono, kisirukwe. Vampire Hunter D ni ya wakubwa kidogo. Berserk ya 1997, kutoka kazi ya Miura Kentaro aliyefariki mwaka 2021, naithamini kuliko zote nilizozitaja, lakini ina ubakaji na usaliti wa kutisha mno. Hiyo waangalie watu wazima, watoto wakiwa wameshalala.