Watafiti Wanakuja, Wanaandika, Wanaenda: Karatasi Zetu Hufika Wapi?



Ukipanda matatu pale Kisumu ukielekea Bondo au Busia, ni lazima upite Kisian. Hapo ndipo barabara inagawanyika, moja inashika njia ya Bondo, nyingine inapanda kuelekea Maseno. Na hapo Kisian ndipo kilipo kituo cha KEMRI, Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya. Magari yake tunayajua. Vijana wake wa kuandika maswali tunawajua pia, maana wengine ni watoto wetu.

Katika mkutano mmoja wa vikundi vyetu, mama mmoja wa makamo alisimama akasema hivi: "Hawa watu wa kalamu wameniuliza maswali tangu nikiwa msichana. Wameandika watoto wangu, mbuzi wangu, hata choo changu. Sasa leo ni mimi ninauliza. Hizo karatasi huwa zinaenda wapi?"

Watu walicheka sana. Lakini wapi, hakuna aliyejibu. Sisi wenyewe tulikaa kimya. Tulimwahidi kwamba tutalitafuta jibu, na makala haya ni sehemu ya ahadi hiyo.

NETI ZILIPITIA HAPA KWETU

Wengi tunadhani neti ya mbu ni jambo ambalo serikali iliamua tu siku moja, ikaanza kugawa. Sivyo. Miaka ya 1990 wataalamu walikuwa wameshajaribu neti zilizotiwa dawa huko Gambia, Ghana na hata Kilifi kwetu Kenya, na zilisaidia. Lakini wengi walikuwa na shaka kuhusu sehemu kama zetu za ziwani. Walisema, huku mbu anauma mwaka mzima, mtoto anapata malaria mara kwa mara. Je, neti itaweza?

Basi kuanzia mwaka 1996, KEMRI pamoja na CDC, kile kituo cha serikali ya Marekani cha kuzuia magonjwa, waliingia Asembo na baadaye Gem, katika Siaya. Vijiji vilikuwa zaidi ya 200, na watu zaidi ya 100,000. Nusu ya vijiji vilipewa neti zilizotiwa dawa. Nusu nyingine vilingoja. Havikuchaguliwa kwa ukoo, wala kwa chama, wala kwa kumjua chifu. Vilichaguliwa kwa kubahatisha, kama kupiga kura ya karatasi kwenye kofia. Halafu watoto wakahesabiwa kila upande: nani amezaliwa, nani ameugua, nani amekufa.

Kwa nini wengine wangoje? Kwa sababu kama kila mtu angepewa siku moja, na mwaka huo vifo vikapungua, nani angejua kama ni neti iliyosaidia, au mvua ilikuwa kidogo, au mavuno yalikuwa mazuri? Lazima kuwe na wa kulinganisha naye. Hata mkulima akitaka kujua kama mbolea inafaa, si hutia nusu ya shamba?

Matokeo yalichapishwa kwa ukamilifu mwaka 2003. Kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka 5, pale ambapo vingetarajiwa vifo 100, neti ziliokoa watoto 16. Kwa wale ambao hawajafikisha mwaka mmoja, ziliokoa kama 23. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sisi watu wa vikundi tungependa kulitilia mkazo. Nyumba zisizo na neti, lakini zilizo karibu na vijiji vyenye neti, kwa umbali wa kama mita 300, nazo pia zilipata nafuu. Dawa ya kwenye neti ilikuwa inaua mbu wa kijiji kizima. Kwa hiyo jirani yako akilala ndani ya neti, anamlinda mtoto wako pia. Na wewe ukiikunja ukaiweka sandukuni, umemnyima yeye.

Hapa tusimame kidogo. Vijiji vilivyongoja vilipewa neti utafiti ulipokwisha. Lakini wako wazazi waliozika watoto katika miaka ile ya kungoja. Mzazi kama huyo humwambii habari za kulinganisha, akaridhika. Sisi hatusemi kwamba watafiti walikosea. Wakati huo kweli hakuna aliyekuwa na hakika, na tungekuwa wao labda tungefanya vivyo hivyo. Tunachosema ni kwamba lile jibu lililotumika baadaye nchi nyingi za Afrika halikutoka kwa wataalamu peke yao. Lilitoka pia kwa watu wa Asembo na Gem, wale waliopewa na wale waliongoja. Mama yetu akiuliza karatasi zilienda wapi, jibu la kwanza ni hilo: zilienda mbali sana, na zinaokoa watoto ambao yeye hatawaona kamwe.

LAKINI MBONA ZILICHELEWA?

Sasa hesabu nasi. Utafiti ulimalizika mwaka 1999. Ni mwaka 2006 ndipo serikali ya Kenya ilifanya ile kampeni kubwa ya kugawa neti bure, karibu milioni 3.4, kwa watoto walio chini ya miaka 5. Hiyo ni miaka 7. Katikati kulikuwa na nini?

Katikati kulikuwa na siasa. Hatusemi siasa ya kurushiana mawe na kuimba nyimbo za vyama. Tunasema siasa ya nani alipe, na nani aamue.

Mwezi wa Aprili mwaka 2000, marais na wajumbe wa Afrika walikutana Abuja, Nigeria. Waliahidi kwamba ifikapo 2005, watu 60 kati ya kila 100 walio katika hatari zaidi, hasa watoto wadogo na mama wajawazito, watakuwa wanalala ndani ya neti au wanapata kinga nyingine. Ahadi ilikuwa tamu. Pesa zikawa ni habari nyingine. Ndipo mabishano yakaanza: neti ziuzwe au zitolewe bure? Upande mmoja ulisema kitu cha bure hakina thamani, watu watakitupa. Upande mwingine ulisema maskini hatanunua. Kwa muda kliniki za mama wajawazito zikawa zinauza neti kwa bei nafuu ya shilingi 50.

Tukiri kwamba hata sisi katika vikundi tumezoea kusema hivyo hivyo. Tumekua na Harambee. Mtu asipotoa chake, tunamwona kama hana uchungu na mradi. Lakini mwaka 2007 wachumi wawili, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, walilijaribu jambo hilo hapa Magharibi mwa Kenya, katika kliniki za wajawazito. Kliniki nyingine zilitoa neti bure, nyingine kwa bei ndogo ndogo. Kumbe! Bei ilipotoka bure ikafika shilingi 40 tu, akina mama waliochukua neti walipungua kwa watu 60 kati ya kila 100. Na wale waliopewa bure walizitumia sawa na wale walionunua. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likashauri neti zigawiwe bure au kwa bei ya chini kabisa.

Shilingi 40! Mtu wa ofisini anaweza kusema hiyo ni bei ya chai. Mama anayetembea kutoka mbali hadi kliniki, na nyumbani ameacha unga wa siku moja, anajua hiyo si bei ya chai.

Tuongeze jambo dogo. Mwaka 2008 watafiti wengine waliandika kwamba wavuvi wa ziwa letu wanaanika omena juu ya neti. Habari hiyo ilisambaa, na wengi tukaonekana watu tusiojali. Lakini watafiti hao waliwauliza wavuvi sababu, na waliambiwa ukweli: omena hukauka haraka juu ya neti, na neti ni rahisi kuliko vifaa vingine. Sehemu hiyo ya karatasi haikusafiri mbali kama ile ya kwanza. Hivyo ndivyo ilivyo, aibu hupanda pikipiki na sababu huenda kwa miguu.

SIASA ZA MBALI, KLINIKI ZA KARIBU

Wako wanaosema tuache watafiti wafanye kazi yao bila siasa. Haiwezekani, na historia ya hapa Kisian yenyewe inatuonyesha.

Zamani za Jumuiya ya Afrika Mashariki, utafiti wa nchi tatu ulifanywa pamoja. Malaria ilichunguzwa Amani, kule Tanga. Virusi vilichunguzwa Entebbe. Samaki wa ziwa walichunguzwa Jinja. Mwaka 1977 viongozi wakakosana, Jumuiya ikavunjika, na kila nchi ikabaki na vile vituo vilivyokuwa katika ardhi yake. Kenya ikalazimika kuanzisha taasisi zake. KEMRI ilizaliwa mwaka 1979, na mwaka huo huo ushirikiano wake na Wamarekani wa CDC ukaanza. KMFRI, ile ya uvuvi, ni ya mwaka 1979 pia. Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, lakini mbu, samaki na gugumaji hawakuwa wakiwangoja marais. Wao walikuwa wanavuka mipaka muda wote.

Pesa za kigeni nazo zina siasa yake. Mwezi wa Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai shirika lake la USAID lilikuwa limefungwa. Watu wa Nyanza hawakuhitaji kuisoma gazetini. Kura ilipigwa Marekani, na wahudumu waliopoteza kazi walikuwa huku.

Tusisahau pia kwamba chanjo ya malaria kwa watoto ilijaribiwa, pamoja na sehemu nyingine za Afrika, hapa Kombewa na Siaya, kuanzia mwaka 2009. Ilianza kutolewa Kenya mwezi wa Septemba 2019, huko Homa Bay. Shirika la Afya Duniani liliipitisha kwa matumizi mapana Oktoba 2021. Tena ni miaka, si miezi.

KUNA ELIMU ISIYONGOJA BAJETI

Neti inahitaji kiwanda, meli na waziri wa fedha. Lakini elimu nyingine inaweza kupita kikundi kwa kikundi. Pale Mbita kuna kituo cha ICIPE, taasisi ya wadudu iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Hapo ndipo miaka ya 1990 ulipobuniwa ule mpango wa sukuma-vuta. Unapanda mmea wa desmodium katikati ya mistari ya mahindi. Harufu yake inamfukuza nondo wa funza wa mahindi, na mizizi yake inaua kayongo. Kando ya shamba unazungusha majani ya napia, ambayo nondo huyapenda. Anataga mayai huko, na funza wengi wanafia humo. Halafu desmodium na napia ni chakula cha ng'ombe.

Ubaya wake, mbegu ya desmodium ni ghali na haipatikani kila duka. Na mbuzi wa jirani wakifunguliwa baada ya mavuno, kazi imekwisha. Vikundi vilivyofaulu ni vile vilivyoelewana kwanza kuhusu mbuzi.

AKIJA MTAFITI, UULIZE

Miaka michache iliyopita wageni fulani walikuja kwenye kikundi kimoja karibu na barabara ya Bondo. Walikaa asubuhi nzima. Walipima, walipiga picha, walikula nyoyo tuliyowapikia, wakasema watarudi na majibu. Tunangoja mpaka leo. Hata jina la chuo chao hatukuliandika, tukiona ni utovu wa adabu kumdai mgeni karatasi.

Si utovu wa adabu. Tangu sheria ya mwaka 2013, anayefanya utafiti Kenya anatakiwa awe na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Utafiti unaohusu mwili au maisha ya watu unapaswa kupitishwa pia na kamati ya maadili, na namba ya simu ya kamati hiyo huwa kwenye ile karatasi ya kukubali. Msomewe karatasi hiyo kwa lugha mnayoielewa kabla hamjaweka kidole. Una haki ya kukataa, na ukishakubali una haki ya kuacha, bila kunyimwa matibabu kliniki. Sheria ya kulinda habari za watu ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuuliza habari zako zinawekwa wapi na ni nani atakayeziona. Na swali kubwa ni hili: majibu yatarudi lini, na yatasomwa wapi? Hapo ndipo kikundi kinapata kitu cha kushika mkononi kikienda kwa chifu, kwa MCA, au kwenye mikutano ya kaunti ya bajeti, ambako wananchi wana haki ya kusema.

Kile kikundi cha barabara ya Bondo sasa kimenunua daftari. Kila mgeni wa kalamu anaandikwa: jina, anakotoka, namba ya kibali, simu, na alichoahidi. Mpaka sasa lina majina manne, na mmoja amerudi, kijana wa chuo kikuu. Alikuja na kurasa tatu, akazisoma kwa Kidholuo chini ya mwembe. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba kijiji kina visima viwili, wazee walimkatiza. Kimoja si kisima, ni dimbwi la ng'ombe. Akatoa kalamu akasahihisha.