Masizi ya Sufuria na Majivu ya Magunzi

Baada ya mahindi kupukuchuliwa, hakuna boma Trans Nzoia lisilo na rundo la magunzi, na jiko la nje huwaka kwa magunzi na kuni asubuhi na jioni. Sufuria nayo hugeuka nyeusi tii. Mwenyewe husugua kwa waya, akatia siki, akatia ndimu, mwisho akachanganya siki na magadi: povu linapanda, masizi yako palepale. Swali ninaloulizwa sana ni dawa gani ya asili iliyo kali zaidi. Mimi huanza na jingine: ni nini kinachoyashikilia masizi hayo?

Masizi ni kaboni, mabaki ya moto uliokosa hewa ya kutosha. Kaboni haiyeyuki kwa ndimu, siki wala majivu. Yangekuwa masizi makavu matupu, ungeyafuta kwa kitambaa. Kinachoyang'ang'aniza ni lami. Moshi wa kuni mbichi hubeba mvuke wenye utomvu, ukigusa kitako cha sufuria hugandamana, kisha joto la moto huukausha ukashika kama rangi. Kwa hiyo tunapambana na lami, si na weusi.

Hapo ndipo majivu yanapofaa. Yana potasiamu kabonati, alkali ambayo akina mama wa Kibukusu wameitumia vizazi na vizazi. Majivu ya maganda ya maharagwe au ya magunzi hupakiwa katika chombo kilichotobolewa chini, maji yakamiminwa juu, yakachuruzika polepole yakiwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Huo ndio munyu wa kienyeji, unaolainisha kunde na mrenda. Maji hayohayo yakikutana na mafuta huanza kuyageuza sabuni. Vidole vyako vitakuambia: vinateleza, kwa maana mafuta ya ngozi yameshaanza kuliwa.

Basi fanya hivi. Chekecha majivu yaliyopoa, vipande vya mkaa visije vikakwaruza. Paka nje ya sufuria mafuta kidogo yaliyokwisha kukaangiwa, uyaache yalainishe lami. Kisha koroga majivu kwa maji ya moto hadi yawe kama uji mzito, usugue kwa gunzi au nyuzi za mgomba, na usuuze papo hapo.

Nasisitiza papo hapo kwa sababu sufuria zetu nyingi ni za alumini. Alumini hulindwa na utando mwembamba wa oksidi, na alkali huuyeyusha. Ukiiloweka sufuria katika maji ya majivu usiku kucha, viputo vidogo vya hidrojeni vitatoka na asubuhi utaikuta imefifia, ya kijivu. Sipendi kabisa ushauri kwamba kitu cha asili hakiwezi kudhuru. Munyu mkali huunguza macho na koo la mtoto. Uwekwe mbali naye.

Ndimu ina kazi yake, ila ni ndani ya sufuria. Ule weusi unaoachwa na maji yaliyochemshwa mara nyingi hutoka kwa kuchemsha maji yenye vipande vya ndimu. Lakini ukiichanganya na magadi, asidi na alkali zinauana: povu ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka, na kinachobaki ni maji ya chumvi yasiyo na nguvu. Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini usiitie siki wala ndimu hata tone, kwa sababu hutoa gesi ya sumu.

Waya nao una gharama yake. Kila mkwaruzo unaouacha ni mfereji ambamo lami ya kesho itajificha, na ndiyo maana sufuria iliyosuguliwa sana huchafuka upesi kuliko mpya.

Njia ninayoiamini kuliko zote haihitaji kusugua. Kabla ya kuinjika, paka kitako na ubavu wa nje tope laini la udongo au majivu, ukiacha ukingo wa juu ili lisidondokee chakulani. Moshi utagandamana juu ya tope. Ukiisha kupika na sufuria ikapoa, mwagia maji. Tope litatoka na masizi yake. Kuni nazo zianikwe hadi zikauke, na magunzi yasipangwe yakaziba hewa kati ya mafiga.