UZI: Afya ya akili ni swali la dispensari, si la jengo jipya tu

1/ Kampeni zikianza, hakosi mtu wa kupanda jukwaani aseme: "Tutajenga hospitali ya afya ya akili kila kaunti!" Watu wanapiga makofi. Hata mimi nimewahi kupiga. Siku hizi nasikiza, halafu najiuliza: na dispensari ya kijijini, itakuwa na dawa? Huu uzi ni wa kueleza kwa nini. Twende polepole.

2/ Hii stori inanihusu. Mjomba wangu ana skizofrenia. Akimeza dawa yuko sawa kabisa: analima, anauliza masomo yanaendaje, anabishana na sisi kuhusu mpira. Dispensari iko dakika kumi kwa mguu. Dawa yake haiko hapo. Iko hospitali ya kaunti, nauli shilingi 600 kwenda na kurudi.

3/ Kuna mwaka mvua ilikataa, pesa ikakosekana, akakosa kliniki miezi miwili. Wa tatu ukifika alikuwa halali, anaongea na ukuta. Usiku mmoja ndugu zake walimfunga kamba kitandani. Si kwa ubaya, waliogopa atoke agongwe na gari barabarani. Mimi ndio nilikuwa nimeshika tochi. Hiyo picha haijanitoka.

4/ Sasa, mfumo. Huduma za afya Kenya ziko ngazi sita. 1 ni kijijini, kwa wahudumu wa afya ya jamii. 2 ni dispensari. 3 ni kituo cha afya. 4 ni hospitali ya kaunti ndogo, 5 ya rufaa ya kaunti, na 6 ni za kitaifa kama Mathari, ambayo ilianza 1910.

5/ Kwa miaka mingi afya ya akili ilikaa huko juu, mbali na nyumbani, nyuma ya ukuta. Ndio maana mtu akisema "Mathari" watu wanacheka badala ya kufikiria matibabu. "Kuunganisha" kunamaanisha kuishusha ngazi ya 2 na 3: foleni ile ile, muuguzi yule yule, kadi ile ile ya presha na sukari.

6/ Kwa nini huko chini? Kwa sababu wagonjwa tayari wako huko. Hakuna mtu anafika dispensari aseme "nina msongo wa mawazo". Anasema kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, usingizi hakuna. Anapimwa malaria, anapewa Panadol, anarudi nyumbani. Wiki ijayo yuko hapo tena.

7/ "Lakini muuguzi si daktari wa akili." Kweli. Hata hivyo, tukumbuke dawa za HIV. Mwanzoni zilitolewa hospitali kubwa tu. Baadaye wauguzi na matabibu wakafunzwa, dawa zikafika vituo vidogo, na leo tunaona ni kawaida. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa aina hiyo kwa magonjwa ya akili, ulioanzishwa 2008, kwa wahudumu ambao si mabingwa.

8/ Kule Zimbabwe, tangu 2006, nyanya waliofunzwa huketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kutatua shida moja moja. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha dalili za waliohudumiwa hivyo zilipungua kuliko za wale waliopata huduma ya kawaida. Hapa kwetu, Makueni imewahi kujaribu kufunza wahudumu wa vituo vya chini, na hata waganga wa kienyeji na wahubiri wakahusishwa.

9/ Sheria inasemaje? Katiba, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya. Jedwali la Nne linaweka vituo vya afya vya kaunti na afya ya msingi mikononi mwa kaunti. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yanazipa kaunti wajibu kuhusu huduma hizi. Kwa hivyo gavana akisema "hiyo ni ya serikali kuu", muulize tena.

10/ Kitu kingine: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Maana yake ni kwamba mtu kama huyo anahitaji muuguzi, si seli. Lakini uamuzi wa korti hauweki mtu aliyefunzwa pale dispensari.

11/ Na pesa? Hapa ndipo wengi wanachanganya. Ile 2.75% ya SHA inaenda kwa hazina ya bima ya afya ya jamii. Huduma ya msingi ina hazina yake, ambayo inategemea kile Bunge linatenga kila mwaka. Bunge likitenga kidogo, "bure" inabaki neno tu: unapimwa bila malipo, halafu unaandikiwa dawa ukanunue kwa kemisti.

12/ Tuwe wakweli. Wanaopinga wana hoja pia. Muuguzi mmoja mwenye chanjo, wajawazito na foleni hadi mlangoni atapata wapi dakika 20 za kumsikiliza mtu? Mafunzo ya siku tano bila mtu wa kumfuatilia husahaulika. Na aliyezidiwa bado anahitaji kitanda hospitalini. Kwa hivyo sipingi majengo. Napinga jengo likiwa ndilo jibu lote.

13/ Mgombea akitaja afya ya akili, uliza haya matatu:
– Dawa gani za akili zitakuwa ngazi ya 2 na 3, na kwa bajeti ya mwaka upi?
– Nani atafunzwa, na nani atamtembelea baada ya mafunzo?
– Mgonjwa akizidiwa, gari la kumpeleka juu linatoka wapi?
Akijibu kwa jina la jengo, hajajibu.

14/ Usingoje kampeni. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufika bungeni kufikia 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Nenda. Usiongee kuhusu "afya" kwa jumla, taja dispensari yako kwa jina na dawa inayokosekana.

15/ Mjomba yuko sawa sasa. Tunachanga nauli kwa zamu, na mwezi huu ni zamu yangu. Shilingi 600 si nyingi, hadi mwezi ule haipo. Na dispensari bado iko pale pale, dakika kumi kwa mguu.

Uzi umeisha. Dispensari ya kwenu ina dawa za akili? Niambie.