Je, Kurasa Zako Zinaonekana Google?

Nilipoweka mtandaoni orodha ya maneno ya Kiswahili cha Kolwezi, nilidhani kazi imekwisha. Kumbe kuwepo ni jambo moja, kuonekana ni jingine.

Kuhakikisha ni rahisi. Kwenye Google andika "site:" na anwani ya tovuti yako, bila kuacha nafasi. Kurasa zitakazotokea zimo katika faharasa yake. Zisipotokea, thibitisha kwa Search Console, chombo cha Google kwa wenye tovuti.

Zangu zilitokea. Kisha nikaongeza neno "maji" baada ya anwani, halafu "njaa": patupu. Nilikuwa nimeandika "mayi" na "njala", kama tusemavyo Kolwezi na Lubumbashi.

Sasa kando ya kila neno letu nimeweka la Kiswahili sanifu. "Mayi" sikulifuta, wapo watakaolitafuta hivyo hivyo.